Mama ana miaka 72, anaishi mlimani Mabatini, Mwanza: nimhamishe au nimwache?

Habari wakuu. Mama yangu yuko Mabatini, juu kabisa kwenye mawe. Kila asubuhi anashuka na beseni la dagaa, anauza huku chini, jioni anapanda. Presha anayo na magoti yanamsumbua. Dada zangu wanataka aje kwangu Buswelu apumzike. Hataki kabisa: majirani wako kule, jumuiya yake iko kule. Mvua ikinyesha yale mawe yanateleza, silali. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Jibu la 1: Usimng'oe, mkuu. Baba yangu mkubwa wanawe walimtoa Ukerewe wakamweka kwenye kochi mjini. Miguu ikaisha nguvu, akawa haongei. Tafuteni fundi wa kuchomelea aweke bomba la kushikilia pale penye utelezi, na kijana wa kumbebea beseni.

Jibu la 2: Mimi ni muuguzi. Dawa za presha anywe hata siku anayojisikia mzima, na akiamka akae kitandani kidogo kabla ya kusimama, maana kizunguzungu huangusha wengi. Kwa Sera ya Wazee ya 2003, kuanzia miaka 60 ni mzee. Kama hana uwezo, ulizeni serikali ya mtaa na ustawi wa jamii kuhusu matibabu bila malipo.

Muuliza swali: Asanteni sana. Bomba nimelipenda. Jumamosi napanda na fundi, ila kwanza namuuliza Mama mwenyewe ni wapi panamtisha.