Tupeane uzoefu: kulipia viti ili familia ikae pamoja kwenye ndege, ni lazima au ni pesa za bure?

Wakala wa Digo Road
Assalaam aleikum jamaa. Likizo ya Desemba iko mlangoni na kila anayekuja kukata tiketi anauliza hilo hilo: nilipie viti au niache? Naanza na hesabu, maana wengi hulipa kabla ya kuipiga. Ada ya kiti hutozwa kwa kila mtu na kwa kila ndege. Baba, mama na watoto wawili wakitoka Mombasa kwenda London kupitia Nairobi, kwenda na kurudi, hizo ni ndege 4 kwa watu 4. Malipo 16! Mombasa hadi Nairobi ndege haikai hewani hata saa nzima. Nairobi hadi London ni karibu saa 9. Lipia kile kipande kirefu peke yake, yawe malipo 8, na kama watoto wameshakua, gawa wawili wawili: kila mzazi na mtoto wake, si lazima wote wanne safu moja. Wenye kujua zaidi wamwage hapa.

Bi Mkubwa wa Kizingo
Hiyo 16 ndiyo inayowashtua watu. Ukurasa unakuuliza kila kipande, nawe unabonya tu ndiyo, ndiyo.

Mwana wa Changamwe
Kwa Nairobi usitoe hata shilingi. Ndege ya Dash 8-400 viti vyake ni viwili viwili kila upande, Embraer 190 vile vile. Hakuna kiti cha kati, kwa hivyo wawili wakichekini mapema ni nadra kutengana. Tatizo laanza kwenye 737-800, hapo ni tatu kwa tatu. 787 ni tatu-tatu-tatu, 777 nyingi ni tatu-nne-tatu. Jua ndege yako kwanza, ndipo uzungumze habari ya ada. Watu wanne kwenye 777 hukaa safu ya kati bila mgeni. Watu wanne kwenye 787, mmoja atavuka ujia tu, hata mkilipa.

Na kwenye Dash 8 mkipata nafasi tupu nyuma msihame kabla ya kuruka. Uzito wa ndege ndogo hupangwa kwa safu. Mwulizeni mhudumu kwanza.

Kaunta Nambari Saba
Limenigusa hili, kwa sababu familia nyingi zinazokuja kaunta zimetawanyika si kwa kukosa kulipa. Zimetawanyika tangu siku ya kukata tiketi. Nieleze pole pole.

Nauli huuzwa kwa mafungu. Tuseme fungu la bei nafuu limebaki viti 3, nawe unatafuta tiketi 5 kwa pamoja. Mfumo hauwapi watatu bei nafuu na wawili bei ya juu. Huwapa wote watano bei ya juu. Mjanja hugundua, akakata 3 peke yake kisha 2 peke yake. Ameokoa pesa kweli. Lakini sasa ana namba mbili za bukingi, zile herufi na tarakimu 6, na kwa mfumo hao ni watu wasiojuana. Ikija kugawa viti, au ndege ikibadilishwa, kila bukingi inashughulikiwa kivyake.

Ukifanya hivyo, fanya mambo mawili. Kwanza, usiweke mtoto kwenye bukingi isiyo na mtu mzima. Pili, piga simu kwa kampuni au mwambie wakala aandike ndani ya kila bukingi namba ya ile nyingine, kwamba ni msafara mmoja. Hiyo haiwapi viti, ila humfungua macho anayepanga.

Halafu kuna chekini ya mtandaoni. Kampuni nyingi hufungua saa 24 kabla, nyingine saa 48. Weka kengele ya simu. Ikifunguka tu, ingia mchague, maana viti vingi ambavyo jana vilikuwa vya kulipiwa hubaki bure wakati huo. Wa nauli ya chini kabisa akichelewa hupewa masalio, na masalio mara nyingi ni viti vya kati: 17B, 23E, 30B. Hapo ndipo familia huvunjika.

Wakala wa Digo Road
Kaka, hapo kwenye kengele sikubaliani nawe. Mwenye mtoto wa miaka mitatu hawezi kulala akingojea saa 24. Ndege za Desemba hujaa, na kuna nauli ambazo hata chekini ikifunguka hazikuruhusu kuchagua, unapewa tu. Soma masharti ya nauli kabla ya kulipa tiketi. Mara nyingine nauli ya daraja linalofuata inakuja na kiti na begi la pili ndani yake, na tofauti yake ni ndogo kuliko ada hizo mbili zikilipwa peke yake.

Kaunta Nambari Saba
Sawa kwa mwenye mtoto mdogo. Kwa mke na mume watu wazima, nasimama pale pale: wasubiri.

Mtu wa 14C
Na mimi niseme kwa niaba ya wanaolipa. Mtu amelipia kiti cha ujiani kwa sababu goti lake halikunjiki. Anafika, amkuta mama ameshakikalia na watoto, amwambia "nenda kule kwangu". Kule kwake ni 31E, kati, karibu na choo. Hiyo si haki. Kama mliona ada ni kubwa, msiihamishie kwa jirani.

Mama Wawili Tudor
Ndugu yangu wa 14C, nani aliyesema watoto ni wa jirani? Mtoto wa miaka minne akikaa peke yake kati ya watu wawili asiowajua, ni nani atamfunga mkanda, ni nani atampeleka choo? Kampuni ndiyo inayouza utengano, kisha sisi abiria tunagombana.

Mtu wa 14C
Bi, simkatai mtoto. Nakataa kukuta kiti kimekaliwa bila kuulizwa.

Bi Mkubwa wa Kizingo
Nyote mna haki. Endeleeni na mambo ya maana.

Mhudumu wa Angani
Mazungumzo haya yamenikumbusha kisa cha abiria fulani ambacho kila mwenye kichanga anapaswa kukijua, kwa sababu wale walilipa na bado walitenganishwa.

Safari ya usiku, 737-800, imejaa hadi kiti cha mwisho. Dada wawili, mtu na mdogo wake, kila mmoja ana kichanga cha mapajani, na mkubwa ana mtoto mwingine wa miaka 4. Wamelipia 21A, 21B na 21C. Wamekaa vizuri, mikanda imefungwa, chupa za maziwa ziko tayari. Mhudumu anapita akihesabu, anasimama. Juu ya viti vitatu vya upande mmoja kuna barakoa 4 za oksijeni. Hapo chini kuna watu wazima 2, mtoto 1 na vichanga 2. Barakoa nne, pua tano. Ndege haiwezi kuondoka hivyo.

Basi mdogo mtu ahame na kichanga chake. Waende ng'ambo ya ujia, 21D-E-F? Pale tayari kuna kichanga kingine, nako barakoa zimeisha. Safu ya 22 upande wao haina kichanga, lakini viti vyote vina watu. Wakamwomba mzee wa 22C aingie 21B, kiti cha kati, ili mtoto wa miaka 4 asogezwe. Mzee akakataa, na sauti zikapanda. Watoto wakaanza kulia watatu kwa pamoja. Mlango uko wazi bado, rubani anauliza kwa simu kunani huko nyuma.

Kilichomaliza jambo ni kupanga upya. Mzee wa 22C alipewa 21C: ujia kwa ujia, safu moja mbele. Hakupoteza kitu, akainuka mwenyewe na kuwabebea begi. Mdogo mtu akakaa 22C na kichanga, safu moja nyuma ya dadake.

Kosa lilitoka wapi? Kichanga cha pili kiliongezwa kwenye bukingi kwa simu baada ya viti kulipiwa. Ramani ya viti ilikuwa imeshafungwa na vichanga viwili havikuonekana kukaa upande mmoja hadi watu walipopanda. Kwa hivyo: waandikishe vichanga wote siku ya kukata tiketi, kabla ya kugusa viti. Na wenye vichanga wawili wachague mbele na nyuma, au wagawane ng'ambo na ng'ambo ya ujia. Msichague viti vilivyoshikana.

Mama Wawili Tudor
Subhanallah. Miaka yote hii sikujua barakoa huhesabiwa!

Mwana wa Changamwe
Pua tano barakoa nne. Hii iandikwe kwenye kila tiketi.

Binti Kisauni
Samahani dada mhudumu, je mwenye mapacha akisafiri peke yake?

Mhudumu wa Angani
Mmoja mapajani, wa pili anunuliwe kiti chake na afungwe kwenye kiti cha gari cha mtoto kilichokubaliwa na kampuni. Piga simu kabla, taja upana wa hicho kiti, na kiwekwe dirishani ili kisizibe njia ya wengine. Safu za mlango wa dharura msizitazame kabisa, watoto hawaruhusiwi pale hata mkilipa.

Mtu wa 14C
Hiyo ya ujia kwa ujia ndiyo niliyokuwa nikisema. Mtu akiniletea kiti sawa na changu, nainuka.

Mama Wawili Tudor
Basi tumeelewana, babangu. Kinachobadilishwa kiwe sawa au bora. Aliyelipia dirisha apewe dirisha.

Msomaji wa Masharti
Kwa wanaopitia Ulaya na Marekani. Mamlaka ya anga ya Uingereza inaelekeza kwamba mtoto mdogo akae safu moja na mtu mzima wake, na ikishindikana asiwe mbali zaidi ya safu moja au ujia mmoja. Mwongozo wa Ulaya unasema karibu hivyo hivyo. Marekani, Wizara ya Uchukuzi ilipendekeza Agosti 2024 kanuni ya kukataza ada kwa mtoto wa miaka 13 au chini kukaa na mzazi. Pendekezo si sheria, msiende kaunta mkagonga meza nalo. Na Ryanair, kwa wanaounganisha huko, humtaka mtu mzima mwenye mtoto wa chini ya miaka 12 alipie kiti chake, kisha viti vya watoto hadi 4 hutolewa bure.

Sababu ya kanuni hizi si starehe. Hewa ikitoka ndani ya ndege iliyo futi 35,000, mtu ana kama sekunde 30 hadi 60 za akili timamu. Mzazi avae barakoa yake, kisha amvalishe mwana. Sekunde hizo hazitoshi kuvuka safu sita.

Mama Wawili Tudor
Hilo la sekunde ndilo jibu langu kwa wote wasemao "watoto watazoea".

Amiri wa Msafara
Nyongeza kwa wa Umra. Watu 10 na zaidi kwa kawaida huwa bukingi ya kundi, na hapo mmoja mmoja hawezi kujichagulia viti mtandaoni. Viti hupangwa na dawati la makundi kutokana na orodha ya majina. Orodha ikienda kwa alfabeti tu, mke atakaa mbali na mumewe, bibi mbali na mjukuu wake. Andikeni orodha kwa vyumba: mume na mke mistari miwili inayofuatana, mama na mwanawe vivyo hivyo, na mwenye kiti cha magurudumu pamoja na anayemsaidia. Mpelekeeni wakala mapema, kabla tiketi kutolewa. Jina likichelewa, kiti nacho kimechelewa.

Binti Kisauni
Na ndege ikibadilishwa baada ya kulipa viti? Nasikia viti hupotea.

Wakala wa Digo Road
Hupotea kweli, dada. Ulichagua kwenye 787, wakaleta 737, safu hazilingani, mfumo unapanga upya unavyotaka. Kila ukipata ujumbe wa mabadiliko ya safari, hata wa dakika 10 tu, fungua bukingi uangalie viti siku hiyo hiyo. Vikiwa vimevurugika, piga simu na uwe na namba ya risiti ya kiti. Si namba ya bukingi. Ni tarakimu 13 zinazoanza na namba 3 za kampuni. Za Kenya Airways huanza na 706. Namba ya tiketi nayo ina tarakimu 13, msizichanganye. Bila ile ya kiti, kudai marejesho ni kazi ngumu. Na kama safari yenu imeuzwa kwa jina la kampuni moja na inarushwa na nyingine, ulizeni namba ya bukingi ya ile inayorusha, kwani viti viko kwake.

Kaunta Nambari Saba
Na ikishindikana yote, fikeni kaunta saa 3 kabla. Kampuni huzuia viti kadhaa hadi siku ya safari, na anayefika wa kwanza ndiye hufunguliwa. Anayeingia dakika ya mwisho kwa sababu ya foleni ya magari Kibarani hukuta vimeshakwisha, na kwenye lango la kupandia hakuna muda wa kupanga watu.

Binti Kisauni
Swali la mwisho. Mtoto atatimiza miaka 2 wakiwa huko huko. Aende mapajani arudi vipi?

Mhudumu wa Angani
Kurudi lazima awe na kiti chake, mapajani ni chini ya miaka 2 siku ya kila safari. Mkatieni kiti cha kurudi sasa hivi, kwenye bukingi ile ile ya mamake, na mchague viti vya kurudi mkimhesabu naye ni abiria mwenye kiti.

Binti Kisauni
Kumbe! Asubuhi nampigia wakala.