Biopsi imetoka safi, mbona daktari bado anashuku saratani ya mfuko wa uzazi?

Kifungua Mimba, Embakasi
Hamjambo. Mama yangu ana miaka 58 na hedhi yake ilikoma zamani. Hivi karibuni alianza kutokwa na damu, akapigwa ultrasaundi, ikaonekana fibroidi (uvimbe wa misuli ya mfuko usio saratani) ambayo kwa mwaka mmoja imekua kutoka sentimita 6 hadi 11. Alichukuliwa biopsi, yaani kipande kidogo cha utando wa ndani cha kupimwa, na majibu yakasema hakuna seli za saratani, nasi tukashusha pumzi. Daktari, hata hivyo, anataka afanyiwe MRI (picha ya ndani kwa mashine ya sumaku) kisha mfuko wote utolewe, kwa kuwa huenda ni sakoma, saratani inayoanzia kwenye tishu kama misuli. Mama anakataa katakata, akiuliza apasuliwe kwa nini ilhali vipimo ni safi. Nimjibuje?

Muuguzi wa Zamu
Mpe mama pole, dada. Biopsi hiyo hufyonza utando kwa mrija mwembamba, na hugundua vizuri saratani ya kawaida inayoanzia hapo. Leiomayosakoma, aina ya sakoma inayoshukiwa hapa, huanzia kwenye misuli ya ukuta, ambako mara nyingi mrija haufiki, kwa hiyo uvimbe wenyewe bado haujapimwa. Fibroidi hutegemea homoni, na hedhi ikishakoma kwa kawaida hunywea. Inayokua wakati huo, tena ikifuatana na damu, lazima itiliwe shaka, ingawa nyingine huishia kuwa fibroidi tu. MRI itaonyesha kama kuna sehemu zilizokufa au zilizovuja damu ndani yake, lakini haitoi jina la ugonjwa.

Fundi wa Maabara
Jina hutoka kwenye hadubini. Mwanapatholojia, daktari anayesoma tishu, hutafuta mambo matatu: seli zenye maumbo yasiyo ya kawaida, seli zinazogawanyika kwa wingi, na tishu ya uvimbe iliyokufa. Baadaye hutumia rangi maalumu za kingamwili, kama ile inayoonyesha desmini, protini ya misuli, kuthibitisha kwamba chanzo ni misuli laini.
Naomba jambo moja, kwa sababu tunaliona kila mara: fomu ya maabara isiandikwe “fibroidi” peke yake. Iandikwe umri wa mama, damu, na kasi ya kukua, ili vipande vya kutosha vikatwe. Chombo nacho kiwe kikubwa na fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu, iwe tele; mfuko uliobanwa ndani ya kopo dogo hufika umeharibika katikati, na hapo hakuna rangi itakayousaidia.

Mpwa wa Shangazi
Muulizeni daktari atautoaje. Shangazi yangu alipasuliwa kupitia matundu madogo, uvimbe ukasagwa tumboni kwa mashine, na majibu ya sakoma yakaja baadaye. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya dhidi ya mashine hizo, ikikadiria kwamba mwanamke 1 kati ya 350 wanaopasuliwa fibroidi ana sakoma isiyojulikana, na kuusaga kunaweza kuieneza. Utolewe mzima.

Kifungua Mimba, Embakasi
Asanteni sana. Mama amesoma haya yote na amekubali MRI. Upasuaji bado anaufikiria. Tukitaka majibu yasomwe upya na mtaalamu mwingine, tutaanzaje?

Fundi wa Maabara
Andikeni barua kwa maabara mkiomba vioo na bloku za nta zenye vipande vya uvimbe, pamoja na nakala ya ripoti, mzipeleke hospitali ya Kenyatta au Aga Khan. Ikithibitika kuwa sakoma, kifua pia kipigwe skani ya CT, kwa maana hupenda kukimbilia mapafuni.