Lushoto na familia: Juni au Desemba? Na zaidi ya Irente kuna nini?

mama_wa_tegeta
Habari zenu wakuu, naombeni mawazo. Sie tuko Dar, joto limetushinda, baba watoto kasema mwaka huu badala ya Bagamoyo kama kawaida yetu tupande Lushoto kule milima ya Usambara siku nne hivi. Yeye likizo anaweza kuchukua mwezi wowote ila watoto mpaka shule zifunge, kwa hiyo ni Juni au Desemba hakuna ujanja. Wako wawili, mmoja ana miaka tisa mwingine sita. Bibi yao anakuja pia na magoti yanamsumbua, kupanda vilima hawezi. Sasa kila ninayemuuliza ananiambia "nenda Irente ukapige picha", jamani kwani Lushoto nzima ni lile jiwe la kusimama ukingoni kuangalia bonde? Nikishapiga picha siku ya kwanza hizo tatu zilizobaki nafanya nini? Na hiyo baridi ya Juni ni kweli au watu wanaongeza chumvi? Gari tunayo ila ni IST.

msambaa_wa_gare
Onga mshi dada, karibu Ushambaani. Mi kwetu Gare, saivi niko Arusha kikazi ila nyumbani napanda kila nikipata upenyo. Watu wanaulizia Lushoto kama vile ni ileile mwaka mzima, Juni na Desemba ni safari mbili tofauti kabisa na unavyopanga siku zako lazima zifuate mwezi.

Juni mpaka Agosti baridi ni ya kweli, hakuna chumvi hapo. Mji wenyewe uko kama mita 1,400 juu ya bahari na ukienda Magamba unazidi kupanda, jioni jua likizama tu kila mtu ana koti na wazee wamejitanda blanketi. Asubuhi ukungu unaweza kulala mpaka saa nne saa tano, kuna siku unafika Irente unakuta nyeupe tupu, umesimama ukingoni mwa genge na huoni hata mti wa chini yako. Wageni wengi hapo wanageuza gari wanaondoka wamenuna. Wewe kaa, agiza chai, maana ukungu ukianza kufunguka unafunguka vipandevipande, kwanza unaona mistari ya mkonge kule Mazinde, mara barabara kuu ya kwenda Moshi na mabasi madogo kama punje za mchele, mara unafunga tena. Watoto wanapenda sana kuliko ukiikuta iko wazi moja kwa moja. Faida nyingine ya Juni njia za misituni zinaanza kukauka, kutembea raha.

Desemba mpaka Februari ni matunda. Plamsi, pichi, mapeasi, utayakuta tangu Soni, akina mama wamepanga sado na vikapu pembeni ya barabara, gari likipunguza mwendo tu wameshafika dirishani. Ukinunua plamsi angalia zile zenye kama unga mweupe juu ya ganda, hizo hazijashikwashikwa, zinazong'aa sana zimeshafutwa na kitambaa na huenda zimekaa. Na usinunue zote Soni siku ya kwenda, nunua siku ya kurudi. Mwanzoni mwa Desemba vuli inaweza kuwa haijaisha, kwa hiyo mwamvuli ubebe.

Bibi asikupe wasiwasi. Irente penyewe gari inafika karibu sana na ukingo. Halafu kabla hujafika huko kuna shamba la Kanisa la Kilutheri, hapohapo Irente, wanatengeneza jibini, mkate, jamu na juisi, unaagiza chakula cha mchana mapema mnakaa chini ya miti mnakula taratibu, bibi anaweza kukaa pale mpaka jioni na asichoke. Alhamisi na Jumapili ni siku za soko Lushoto mjini, pangeni muwepo moja ya hizo, hapo ndo utaona watu wameshuka kutoka kila kijiji na mboga ambazo nusu yake usiku zinapakiwa kwenye Fuso kwenda Dar. Karoti unayonunua mtaani kwenu Tegeta pengine ilipita pale.

dereva_wa_noah
Msambaa kasema vizuri ila hajagusa barabara na mwenzetu ana IST. Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 33, lami yote, haina shida mwezi wowote ule labda masika mwezi wa nne na wa tano udongo unaposhuka toka juu na mawe yanakuwa njiani. Shida ni nyembamba na kona hazioni mbele, upande mmoja mlima upande mmoja korongo. Piga honi kila kona hata kama unajiona mshamba, Fuso za mboga zinashuka zimejaa na haziwezi kukukwepa. Kushuka ndo watu wa gari otomatiki wanaharibu, wanaacha D wanakanyaga breki kilomita 33 zote mpaka inanuka. Weka gia ya chini acha injini ikushikilie, ukisikia harufu simama Soni upumzike, na maporomoko ya maji ya Soni yanaonekana hapohapo barabarani kwa hiyo wala hupotezi muda, bibi anayaona akiwa kwenye kiti chake.

Na watoto wasile chipsi mayai pale Mombo kabla ya kupanda. Nimeosha gari mara nyingi sana kwa sababu ya zile chipsi.

Ukishapita Magamba kuelekea Mtae huko sehemu kubwa ni vumbi, ikinyesha ni utelezi, IST iache mjini ukodi gari iliyoinuka au upande basi la asubuhi.

kisigino_kigumu
Mi nazungumzia msitu maana naona mmeuacha. Magamba ni hifadhi ya TFS (wakala wa misitu wa serikali), iko kilomita chache tu juu ya mji, na kwa watoto wa miaka sita na tisa ndo sehemu bora kuliko zote kwa maoni yangu, Irente ikae pembeni. Kiingilio unalipa kwa kontro namba, Mtanzania analipa kidogo ukilinganisha na mgeni kwa hiyo beba kitambulisho. Kuna njia fupi za saa mbili na za kutwa nzima. Ndani kuna miti ya mkulo mikubwa sana, mbega weusi wenye mabega meupe wanaruka juu huko (utawasikia kabla hujawaona, wananguruma sio wanapiga kelele kama kima), na kuna kiwanda cha mbao cha zamani kimebaki magofu msituni.

Kitakachowamaliza watoto ni vinyonga. Kuna aina ya vinyonga ambao dume lina pembe mbili puani, wanapatikana Usambara ya Magharibi tu duniani kote. Mchana kuwaona kazi, usiku ukiwa na tochi ni rahisi maana wakilala rangi inapauka na mwanga unawapiga wanaonekana kwenye vitawi vya nje, mwongozaji mzuri anakuonyesha watano sita kwenye uzio tu wa gesti. Ila ukikutana na vijana barabarani wamemshika kinyonga kwenye kijiti wanataka hela ya picha usiwape, ndo wanazidi kuwakamata.

Mwongozaji chukua kwenye ofisi zao mjini wanakopewa risiti. Mimi kijana mmoja alinidaka stendi akaniambia yeye ni wa ofisi, tukafika katikati ya msitu bei ikapanda mara mbili, sasa utafanyaje na njia huijui.

Kwa watakaosoma uzi huu hawana watoto wala bibi: tembeeni Lushoto mpaka Mtae kupitia Rangwi, unalala kwa masista Rangwi, siku tatu bila haraka. Mtae iko kwenye kilele chembamba, ardhi inaanguka pande zote, chini unaiona hifadhi ya Mkomazi yote na siku ya hewa safi Kilimanjaro inatokea kwa mbali. Hapo nakubaliana na msambaa kuhusu miezi, kiangazi kikikolea hewa inajaa vumbi na moshi huoni kitu, nzuri ni Juni mvua zikishaisha au Januari asubuhi sana.

Babu_Tall
Hivi na Amani si ndo hukohuko? Waunganishe tu waone na bustani ya Wajerumani.

kisigino_kigumu
Hapana mkuu, Amani ni Usambara ya Mashariki, katikati kuna bonde la Lwengera. Kwa gari inabidi ashuke mpaka barabara kuu halafu aingilie Muheza apande tena, kwa siku nne na bibi atakuwa anahesabu kona tu. Amani ni safari yake peke yake.

sharobaro_wa_sinza
Mnaipamba sana. Nimeenda mwezi wa saba, saa mbili usiku mji umelala, sehemu nilipofikia maji ya moto mpaka uombe ndoo, na lodji nzuri bei zimewekwa za Wazungu. Kama hupendi kutembea porini utaboreka siku ya pili.

msambaa_wa_gare
@sharobaro_wa_sinza kwani ulifuata disko Ushambaani? 😂 Ila ya maji ya moto ni kweli, mama wa Tegeta uliza kabla hujalipia, na uliza tena ukifika, uone bomba linatoa. Za bei nafuu ambazo ni safi mara nyingi ni hosteli za makanisa, zinajaa Krismasi kwa hiyo wahi.

Kwa bibi kama anapenda stori za kale, siku ya tatu shukeni Soni muende Vuga. Ndo ilikuwa makao ya watawala wa Kikilindi, ukoo wa kifalme wa Wasambaa, Kimweri ye Nyumbai alitawala kutokea pale mpaka 1862, Krapf yule mmisionari alimfuata hukohuko mwaka 1848. Usitegemee kukuta jumba la kifalme au mtu wa kukatisha tiketi, ni kijiji watu wanaishi, ila wazee wakikaa nao vizuri wanaongea na bibi yako atawaelewa kuliko nyie. Mjini Lushoto nako kuna majengo ya Mjerumani, waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao, unayapita ukiwa unatembea sokoni.

mama_wa_tegeta
Asanteni sana jamani, mmenipa zaidi ya nilichotegemea, kisigino umeniuza kwa hao vinyonga maana wa miaka sita ndo ugonjwa wake. Nimemsomea bibi akasema Vuga anataka na plamsi anataka, baba watoto akaishia hapo, tunaenda Desemba. Maswali mawili ya mwisho: tukitoka Tegeta tupitie Bagamoyo au Chalinze? Na masweta, ninunue huku Dar au? Watoto hawana hata moja na siyo nguo watakayovaa tena.

dereva_wa_noah
Kwa Tegeta pita Bagamoyo utokee Msata, foleni ya Kibaha unaikwepa yote, halafu Segera, Korogwe, Mombo. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, nataka uwe umeanza kupanda kabla ya saa tisa mchana, kule giza na ukungu vikikutana kwenye zile kona hata sisi wenyeji tunapunguza mwendo.

msambaa_wa_gare
Masweta usinunue Dar, hawana ya maana. Siku ya soko pale Lushoto kuna mitumba ya baridi marundo kwa marundo, masweta ya watoto, makofia, mpaka mablanketi, unachagua mwenyewe. Ingieni mji Jumatano jioni basi mkivumilia usiku mmoja na kanga, Alhamisi asubuhi mko sokoni. Bei punguza, ukiona wanakuangalia kama mtu wa Dar anza na "onga maundo" hiyo ni ya asubuhi, wakikujibu wakacheka endelea kushusha.