Tupeane uzoefu: tuliondoaje programu za ujasusi kwenye kompyuta za nyumbani?

Mwanzisha mada, Jinja

Ndugu zangu, naomba kila aliyewahi kukuta programu ya ujasusi kwenye kompyuta ya nyumbani aeleze aliigunduaje na aliiondoaje. Naanza mwenyewe. Kompyuta yetu hutumiwa na familia nzima: mke wangu huweka humo hesabu za duka, watoto huandika kazi za shule, nami hutungia mitihani. Mwezi uliopita ukurasa wa kwanza wa kivinjari ulibadilika bila mtu kuugusa, na bando ambalo hututosha wiki mbili likaisha kwa siku nne. Hilo la bando ndilo lililonishtua, kwa kuwa data haiishi bure; lazima kuna mahali inakokwenda.

Nilikata intaneti kwanza, kisha nikaipanga orodha ya programu kwa tarehe za kusakinishwa. Hapo nilikuta programu ya kugeuza video aliyoipakua kijana wangu na, za siku hiyohiyo, nyingine tatu ambazo hakuna aliyezijua. Niliziondoa zote, lakini nilipowasha upya mojawapo ilikuwa imerudi. Iliondoka tu nilipotumia ule ukaguzi wa Microsoft Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, unaoiwasha upya kompyuta na kuikagua kabla Windows yenyewe haijaamka, wakati programu ya ujasusi haijapata nafasi ya kujificha. Ulichukua kama robo saa.

Mchangiaji, Arua

Pole, Mwalimu. Yangu ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu kila nilipokagua niliambiwa kompyuta ni salama. Nilikuwa nimenunua laptopu iliyotumika, na fundi aliyeniuzia alikuwa ameweka Windows isiyo na leseni halali. Ili programu yake ya kuvunja leseni isifutwe, alikuwa ameliingiza folda lake katika orodha ya vitu ambavyo Defender haivikagui, na ndani ya folda hilo ndimo ilimokaa programu iliyonakili kila herufi niliyoiandika.

Niligundua baada ya mtu kuingia katika barua pepe yangu. Nilibadilisha nywila mara mbili, lakini niliibadilisha kwenye laptopu ileile, kwa hiyo nilikuwa nikimkabidhi mwizi ufunguo mpya kila wa zamani ulipokataa. Naomba jambo hili lizingatiwe sana: nywila zibadilishwe kwenye kifaa kingine kilicho safi. Mimi nilitumia simu, nikaviondoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia katika akaunti, kisha nikawasha uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila peke yake haitoshi kuingia. Baadaye nilinakili nyaraka na picha peke yake, bila programu hata moja, nikafuta diski yote na kusakinisha Windows upya kutoka kwenye flashi iliyoandaliwa kwa kompyuta ya mwenzangu kazini.

Mchangiaji, Busia

Yangu ilikuwa ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Niliisafisha mara tatu na mara tatu uchafu ukarudi, mpaka nikahamia Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Kwa kuandika barua na kusoma habari, inanitosha.

Mchangiaji, Kampala

Mimi aliyenipeleleza alikuwa mtu wa nyumbani, na hapo tahadhari ni tofauti, kwa kuwa ukiiondoa programu yeye anajua papo hapo kwamba umemgundua. Kabla ya kugusa chochote nilikwenda kwa dada yangu, nikapiga picha za skrini kwa simu yake, zikionyesha jina la programu na tarehe iliposakinishwa. Sheria yetu ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inahesabu kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini kuwa kosa, na ukishafuta kila kitu unabaki na maneno matupu.

Mwanzisha mada, Jinja

Dada wa Arua, nimesoma maelezo yako nikaenda moja kwa moja kwenye ile orodha ya vitu visivyokaguliwa. Nimekuta folda moja ambalo hakuna hapa nyumbani aliyeliweka. Nimekata intaneti tena, na mke wangu sasa hivi anabadilisha nywila kwa simu yake, akianza na ile ya barua pepe ya duka.