Kamati ya ufundi inaweza kunilazimisha nibadili databesi?

kijana_sinza: Wakuu habari za mchana. Tuko kikundi cha kujitolea hapa Dar tunatengeneza apu ya ruti za daladala, hakuna anayelipwa, hata bando unajinunulia. Databesi, yaani ghala la data za apu, nimeishika mimi toka mwanzo. Sasa kamati ya ufundi, watu watano, wamekaa kikao mimi sipo wakatupia tangazo kwenye grupu la WhatsApp eti nihamishe kila kitu kutoka programu ya databesi ya SQLite kwenda nyingine, PostgreSQL, kabla mwezi haujaisha. Hakuna aliyelalamika wala aliyebishana na mimi. Hayo madaraka wameyatoa wapi?? Nikigoma wananivua?

mtoto_wa_temeke: Piga kimya mkuu, meseji hujaiona 😂

dada_seva: Kupiga kimya ndo kujichongea. Angalia Debian, wale wanaotengeneza mfumo huria wa kompyuta, nao wanajitolea vilevile na wana katiba toka 1998. Kamati yao ya ufundi ni hatua ya mwisho, watu wanajadiliana kwanza wakishindwana ndo inaingia, na haikai kubuni mambo yake yenyewe, inachagua kati ya yaliyoletwa mezani. Ikitaka kutengua uamuzi wa mwenye kazi inahitaji kura tatu kwa moja. Na hakuna anayelazimishwa kufanya kazi asiyoitaka, ila ukikataa usihujumu wanaoifanya. Nyie mna chochote kilichoandikwa?

kijana_sinza: Kuna ukurasa mmoja tu, "kamati itashughulikia masuala yote ya kiufundi". Basi.

dada_seva: Haya sasa, hiyo "yote" inameza mpaka rangi ya batani. Kwa karatasi hiyo kuamua wanaweza, ila hamna palipoandikwa kwamba kazi lazima uifanye wewe.

mzee_kompyuta: Mimi niko tofauti kidogo. Kiufundi kamati ina hoja, SQLite inaandikiwa na mmoja kwa wakati, abiria wakianza kutuma taarifa za foleni kwa pamoja Mwenge na Mbagala mtalia. Walichokosea ni utaratibu. Hata baraza linaloongoza Python, ile lugha ya kuandikia programu, watano kama hao wenu, limeelekezwa litafute makubaliano kwanza na madaraka yake liyatumie kwa uchache. Paswedi za seva anazo nani?

kijana_sinza: Mimi na mwenyekiti.

mzee_kompyuta: Usizibadilishe hata ukiwa na hasira vipi. Kikao kijacho omba ajenda mbili, mipaka ya kamati ipigiwe kura na wanachama wote, halafu databesi. Kwa mpangilio huohuo.