Mrejesho: kuku wa mboga wa haraka, yule aliyekuwa anatoa maji

Wapendwa, nililalamika hapa kwamba kuku wangu wa kukaanga na mboga anaishia kuwa mchuzi. Asanteni sana. Jana nilikata kidari vipande vyembamba, nikavikausha kwa tishu za jikoni, nikavichanganya na soya sosi na kijiko kimoja cha konflawa. Aliyesema kikaango kipate moto sawasawa kwanza, na kuku akaangwe kwa mafungu mawili, Mungu akubariki: maji hayakutoka kabisa! Hoho na kabichi hazikulegea. Karoti ndizo zilizoniangusha, zilibaki ngumu. Mara nyingine nitazikata kama njiti na kuzitanguliza dakika 2. Chumvi pia ilizidi, nilisahau soya sosi ina yake. Watoto wamekula na wali mpaka wakakwangua sufuria.