Reiki: lazima nipate mwalimu?

Mdadisi: Wakuu, nataka kujifunza Reiki, ile njia ya Kijapani ya kumtuliza mtu kwa kumwekea mikono. Kuna mwalimu anasema atanipitisha daraja la kwanza mpaka la ualimu kwa wikiendi moja. Inawezekana kweli? Au nijisomee tu?

Kiganja: Wikiendi moja madaraja yote? Kimbia, ndugu yangu! Mikao Usui, mwasisi wa Reiki, alianza kufundisha Japani mwaka 1922, na madaraja yako matatu: Shoden, Okuden na Shinpiden. Nadharia utajisomea, ila kwa desturi mwalimu ndiye anayekufungulia njia. Wajapani wanaita reiju. Mimi nilikalishwa kitini, macho nimeyafumba, viganja vimekutana kifuani. Mwalimu akasimama nyuma yangu, akaweka mikono utosini, myepesi mno. Nikahisi joto, basi. Mwenzangu hakuhisi kitu, akaambiwa si neno. Kazi yenyewe inakuja baadaye: kujiwekea mikono kila siku, machoni, shingoni, tumboni, dakika kadhaa kila mahali. Mabega yanachoka, nisikudanganye.

Bi Mkubwa: Muulize alifundishwa na nani, na huyo naye na nani. Walimu wengi nje ya Japani mnyororo wao unapitia kwa Hawayo Takata wa Hawaii, mwanafunzi wa Chujiro Hayashi, ambaye alifundishwa na Usui mwenyewe. Akibabaika hapo, ushajua.

Kiganja: Na akikwambia uache dawa za hospitali, ondoka hapohapo. Haijathibitishwa kisayansi kwamba Reiki inaponya ugonjwa. Mimi naifanya kwa ajili ya utulivu.

Mdadisi: Shukrani. Namuuliza leoleo.